Wasomaji Wauliza: Mbunge wa Kibra kabla ya 2013 alikuwa nani?

*Mhariri, naandika insha ya chuo kuhusu wabunge wa Kibra. Kila orodha ninayoipata inaanzia 2013. Ina maana kabla ya hapo watu wa Kibra hawakuwa na mbunge?*
Mwanafunzi, Nairobi

Walikuwa naye, ila hakuitwa mbunge wa Kibra. Hadi uchaguzi wa 2007, Kibera (ndiyo hiyo Kibra) ilipiga kura katika eneobunge la Lang'ata, pamoja na Karen, Nairobi West na South C. Kwa hiyo insha yako ianzie Lang'ata, kisha ifuate njia mbili kuanzia 2013.

Mwaka 1974 kiti kilichukuliwa na Mwangi Mathai, wakati huo mume wa Wangari Maathai. Mwaka 1979 kikaenda kwa Philip Leakey, mtoto wa Louis na Mary Leakey, wanaakiolojia. Raila Odinga alikitwaa katika uchaguzi wa Desemba 1992 kwa tikiti ya Ford-Kenya, akakishikilia hadi 2013.

Ukifika miaka ambayo KANU ilikuwa chama pekee, soma takwimu kwa uangalifu. Mwaka 1988 mchujo ulifanywa kwa mlolongo: watu walijipanga hadharani nyuma ya mgombea wao au wakala wake, wakahesabiwa vichwa. Aliyefikisha asilimia 70 alipita bila kupingwa, hakukuwa tena na kura ya siri. Ukiweka idadi ya vichwa vya mlolongo kwenye safu moja na karatasi za kura za 1992, mchoro wako utadanganya. Tenga safu hiyo, uiandikie maelezo chini.

Baada ya eneo hilo kugawanywa kuwa Lang'ata na Kibra, Lang'ata imekuwa na Joash Olum wa ODM (2013), Nixon Korir wa Jubilee (2017) na Phelix Odiwuor, maarufu Jalang'o, wa ODM (2022). Kibra imekuwa na Ken Okoth (2013 na 2017), Imran Okoth (uchaguzi mdogo wa 2019) na Peter Orero (2022), wote wa ODM. Ndiyo maana sentensi "ODM haijawahi kushindwa Kibra" ni kweli, lakini ni kweli ya miaka michache. Eneo lenyewe halikuwepo kabla ya 2013.

Jina nalo lina historia. Kibra ni neno la Wanubi lenye maana ya msitu, na kwa Wanubi wengi wa Makina, mtaa wa Kibera, kuandikwa kwake kwenye karatasi ya kura hakukuwa jambo dogo.

*Kwenye jedwali moja nimeona Raila ameshinda Lang'ata mara mbili mwaka 1997. Je, hilo si kosa la uchapishaji?*
Msomaji, Kisumu

Si kosa. Tafadhali usiufute mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wote wa historia ya kiti hiki.

Katiba ya zamani, kifungu cha 40, ilisema mbunge akihama chama kilichomwingiza Bungeni anapoteza kiti na lazima arudi kwa wapigakura. Sharti hilo liliingizwa mwaka 1966, pale Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoiacha KANU na kujiunga na KPU. Lengo lilikuwa kuwang'oa. Miaka 30 baadaye mwanawe, Raila, alijikuta mbele ya kifungu kilekile. Alipoiacha Ford-Kenya na kuingia NDP, alikiachia kiti, uchaguzi mdogo ukafanyika Machi 1997, akashinda. Desemba mwaka huohuo ukaja uchaguzi mkuu, akashinda tena kwa NDP. Kwa hiyo katika jedwali lako andika mwezi, si mwaka pekee, na ongeza safu ya "aina ya uchaguzi". Mstari wa Raila utasomeka hivi: Desemba 1992, Ford-Kenya; Machi 1997, NDP, uchaguzi mdogo; Desemba 1997, NDP; 2002, NARC; 2007, ODM. Vyama vinne, kiti kimoja.

Mwaka 2007 kiti hiki kilikuwa na uzito mwingine ambao vijana wengi hawaujui. Chini ya katiba ile, mtu hakuweza kuwa rais bila kuwa mbunge wa kuchaguliwa, na tena alihitaji asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Raila angeshindwa Lang'ata na Stanley Livondo wa PNU, kura zake zote za urais nchini zingekuwa bure. Ndiyo sababu kampeni za udiwani na ubunge za mitaa hiyo ziliangaliwa na nchi nzima. Katiba ya 2010 iliondoa sharti hilo. Sasa anayegombea urais hagombei ubunge, na ndiyo maana jina la Raila linatoka kwenye jedwali mwaka 2013 bila yeye kushindwa Lang'ata.

*Kwa nini Lang'ata iligawanywa sehemu mbili na si tatu?*
Mwalimu wa uraia, Nairobi

Mwalimu, shika kalamu, hesabu hii inafaa sana ubaoni.

Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya 38,610,097. Katiba imeweka maeneobunge 290. Gawanya: wastani ni watu 133,138 kwa kila eneo. Ibara ya 89 inaruhusu miji na sehemu zenye watu wachache kupanda au kushuka kwa asilimia 40 kutoka kwenye wastani huo, na kwingineko asilimia 30. Kwa Nairobi, basi, dari ni takriban 186,000 na sakafu takriban 80,000.

Wilaya ya Lang'ata ilikuwa na watu 355,188. Ilikuwa karibu mara mbili ya dari, kwa hiyo haikuweza kubaki moja. Ukigawa kwa mbili unapata kama 177,600, ndani ya dari. Ukigawa kwa tatu unapata kama 118,400, ambayo pia ingekubalika. Sheria, basi, haikulazimisha mbili. Kilichobana ni ile 290: kila kiti unachokiongeza mahali pamoja kinapungua kwingine. Nairobi yote ilitoka maeneobunge 8 hadi 17.

Kibra ilipata wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Wanafunzi wengi huteleza kwa Highrise: iko ubavuni mwa Kibera, lakini mkazi wake humpigia kura mbunge wa Lang'ata.

Sensa ya 2019 ilitoa wastani mpya wa 164,015. Kibra ilikuwa na watu 185,777 na Lang'ata 197,489. Zote mbili zimo ndani ya asilimia 40.

*Uchaguzi mdogo wa 2019 ODM ilipata kura 24,636 tu Kibra. Hiyo si ishara kwamba chama kilikuwa kimeshuka?*
Msomaji, Mombasa

Idadi hiyo peke yake haiwezi kukwambia hivyo. Ken Okoth alifariki Julai 2019, na kura ikapigwa 7 Novemba. Imran Okoth alipata 24,636, McDonald Mariga wa Jubilee 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275. Hao watatu pamoja ni 41,141, huku waliosajiliwa wakizidi 118,000. Waliojitokeza walikuwa kama theluthi moja.

Katika uchaguzi mkuu mtu hupewa karatasi sita, na foleni ndefu huletwa na ile ya urais. Katika uchaguzi mdogo kuna karatasi moja, na anayefanya kibarua Industrial Area haoni sababu ya kupoteza mshahara wa siku. Linganisha asilimia ya kura halali, kamwe usilinganishe idadi ghafi.

Kuhusu Mariga, wengi bado wanaamini alizuiwa kwa sababu si mkazi. Sivyo. Afisa msimamizi alizikataa karatasi zake kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye sajili ya wapigakura, naye alikuwa amejisajili wiki chache tu kabla. Kamati ya mizozo ya tume ya uchaguzi, IEBC, ikamruhusu. Katiba inadai mgombea ubunge awe mpigakura aliyesajiliwa. Haidai awe amesajiliwa katika eneo analogombea. Mgombea huru ndiye anayehitaji pia wapigakura 1,000 wa eneo hilo wamuunge mkono.

*Nitahakikishaje takwimu za mbunge mwenyewe, badala ya kunakili za magazeti?*
Msomaji, Nakuru

Anza na fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge. Kila kituo kina yake, na nakala hubandikwa hadharani hapohapo kituoni baada ya kuhesabu. Piga picha usiku ule ule, karatasi yote na pembe zake nne zionekane, kwa maana asubuhi mvua au mkono wa mtu utakuwa umepita. Kisha tafuta 35B, ambayo hujumlisha vituo vyote vya eneobunge.

Jumlisha mwenyewe. Kosa la kawaida ni tarakimu kubadilishana nafasi wakati wa kunakili, 267 ikawa 276. Dalili yake ni tofauti inayogawanyika kwa 9. Kosa la pili ni mistari miwili kuingiliana, kura za wa tatu zikaenda kwa wa nne. Hapo jumla ya kituo hubaki sahihi, kwa hiyo lazima ulinganishe jina kwa jina. La tatu ni kituo kuruka kabisa. Kituo kikubwa hugawanywa kisizidi wapigakura 700, na shule moja inaweza kuwa na fomu tano zenye jina moja, zikitofautiana kwa nambari ya mwisho tu. Hesabu idadi ya fomu kabla ya kuhesabu kura.

Kura zilizokataliwa ziweke kwenye waliojitokeza, lakini zitoe kwenye asilimia za wagombea. Na ukiona fomu haina sahihi ya wakala mmoja, usiitupe: wakala kukataa kutia sahihi hakubatilishi matokeo kwa lenyewe. Mwenye malalamiko ana siku 28 tangu afisa msimamizi atangaze matokeo kuwasilisha kesi Mahakama Kuu, nayo mahakama ina miezi sita kuamua. Kabla ya muda huo kuisha, andika "matokeo ya awali" juu ya jedwali lako.