Giants wanapanda Denver: angalieni mpira wa mrushaji unaishia wapi

Mkuu, umeuliza kama mechi tatu za besiboli za San Francisco Giants ugenini kwa Colorado Rockies, kwenye uwanja wa Coors Field huko Denver, ni mteremko, na nani kati ya warushaji wetu wa kuanza (wanaowarushia wapigaji mpira tangu mwanzo wa mechi) ana nafuu. Najua kwa nini wengi wanaona mteremko: msimu wa 2025 Rockies walipoteza mechi 119 kati ya 162. Mimi ni shabiki wa Giants, naishi huku California, na Coors Field nimeingia. Pale kwanza unapambana na uwanja, ndipo timu.

Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Iringa mjini. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira ukipigwa unakwenda mbali zaidi, na ule wa kupinda haupindi kama mrushaji alivyozoea. Tangu 2002 mipira inahifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke na kuwa migumu. Imesaidia, ila tatizo halijaisha.

Halafu uwanja wenyewe ni mpana mno, katikati hadi ukutani ni futi 415. Nilikaa upande wa kushoto, nyuma ya mlinzi wetu wa nje. Alikuwa amerudi karibu na ukuta akihofia mpira mrefu. Mpigaji akaugonga vibaya, ukapaa kichovu, nikajua utadakwa, mpigaji ametoka. Ukadondoka kwenye nyasi mbali mbele yake, na wakimbiaji wawili wakafika nyumbani, yaani pointi mbili. Pale hata mpira mbovu unakuumiza, mradi tu umepaa.

Ndiyo maana namtaka mrushaji wetu Logan Webb afungue. Mpira wake unazama mwishoni, mpigaji anaugonga kwa juu, unaviringika chini hadi kwa walinzi wetu wa ndani, Willy Adames au Matt Chapman. Mpira unaoviringika haujali mwinuko. Tena Webb ana pumzi ya kufika awamu ya saba kati ya tisa, na Denver hilo ni dhahabu, kwa sababu warushaji wa akiba wakichoka siku ya kwanza, mechi zote tatu zinaharibika.

Robbie Ray, mrushaji wetu mwingine, ndiye ananitia wasiwasi. Uwezo anao, alichukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2021 akiwa Toronto, na anawatoa wapigaji wengi bila wao kugusa mpira. Lakini akiguswa, mpira unapaa. Kwetu San Francisco, hewa nzito ya baharini inaurudisha mikononi mwa mlinzi, kule unavuka ukuta. Kama ratiba ingeruhusu, ningemtunza kwa mechi za nyumbani.

Upande wao, wakimleta mrushaji Kyle Freeland msimdharau. Ni mzaliwa wa Denver, mkono wa kushoto, na 2018 alishinda mechi 17 kwa wastani wa kufungwa pointi 2.85 kwa kila awamu tisa, huku uwanja wake wa nyumbani ukiwa huo huo. Anajua jinsi ya kuishi pale. Na msiseme haiwezekani kabisa kwa mgeni: tarehe 17 Septemba 1996 mrushaji Hideo Nomo aliwanyima Rockies hiti (mpigo unaomfikisha mpigaji kituoni) hata moja kwenye uwanja huo. Alikuwa wa Dodgers, mahasimu wetu, lakini heshima yake nampa yote.

Ya Webb tunachukua. Ya Ray naihofia. Ya tatu naiona yetu iwapo tu warushaji wa akiba hawatatumika zaidi ya awamu tatu siku ya kwanza.