Gavana aliyezama mtoni

Umeuliza kama kuna gavana wa jimbo la Kaskazini (upande wa serikali kuu) aliyefariki akiwa kazini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe Marekani. Yupo: Louis P. Harvey wa Wisconsin, ila hakuuawa kwa risasi. Alizaliwa Connecticut mwaka 1820, akawa mwalimu, mhariri wa gazeti, mfanyabiashara, kisha mwanasiasa. Aliapishwa Januari 1862. Aprili, baada ya mapigano ya Shiloh, alisafiri mwenyewe hadi Tennessee kupeleka dawa na mahitaji kwa majeruhi wa jimbo lake (wangapi wangethubutu?). Usiku wa tarehe 19, akivuka kutoka meli moja kwenda nyingine, aliteleza akatumbukia Mto Tennessee. Mwili ulionekana siku kadhaa baadaye, mbali sana kufuata mkondo wa mto. Alikuwa ametawala miezi mitatu na ushee tu.

Kwangu mimi, mke wa Harvey, Cordelia, ndiye anayenivutia zaidi. Mjane huyo aliingia hospitali za kijeshi kuwahudumia askari, kisha mwaka 1863 akamfuata Rais Lincoln Ikulu, akambana mpaka akakubali hospitali ianzishwe Wisconsin, wagonjwa wapumue hewa ya kwao.