Gesi ya AC haiishi kama petroli

Januari ya mwaka juzi nilimpakia bibi mmoja Majengo, Moshi, nimpeleke KIA akapande ndege ya Dar es Salaam. Saa saba mchana, jua la Januari mnalijua wenyewe, na vioo nimevipandisha vyote kwa sababu nilishajinadi kwamba Noah yangu ina AC. Tukakwama karibu na kiplefti cha YMCA, na matundu ya dashibodi yakawa yananitemea upepo wa moto usoni. Bibi akavumilia, akashusha kanga begani, akaanza kujipepea. Mwisho uvumilivu ukamwisha: "Mwanangu, hii ni AC au umewasha jiko?"

Cha ajabu, tulipofika zile tambarare za Boma Ng'ombe gari likiwa limeshachanganya mwendo, ubaridi ulikuja wenyewe. KIA tulifika bibi amejifunika kanga ile ile.

Gari likisimama, moto, likitembea, baridi. Jibu lote lilikuwa hapo, ila mimi nilikuwa bado sijajua kulisikia. Nikaenda gereji. Fundi akaweka kiganja kwenye tundu, akatikisa kichwa: "Mangi, gesi imeisha." Akajaza, nikalipa 60,000. Siku ya tatu nikarudi na malalamiko yale yale, akaongeza nyingine, nikalipa tena. Safari hii mambo yakaharibika zaidi. Hata barabara kuu AC ikawa inapoza dakika tano kisha inakata, inapumzika, inapoza tena.

Ngoja nieleze kitu ambacho laiti ningekijua mapema ningebaki na hela yangu. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Kompresa inaibana mpaka inakuwa ya moto sana, inaisukuma kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta nyembamba na inayokaa mbele ya rejeta yenyewe. Pale inapigwa na upepo, inaacha joto lake, inageuka kuwa maji maji. Kisha inapitishwa kwenye valvu yenye tundu dogo, presha inaanguka ghafla, inachemka ndani ya eveporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi, na katika kuchemka huko ndiyo inanyonya joto la hewa ya ndani ya gari. Halafu inarudi kwa kompresa. Hakuna kituo hata kimoja inakoteketea. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Ni kweli gari la miaka 15 hupoteza kidogo kidogo kupitia mipira na mihuri iliyochoka, lakini gesi iliyojazwa juzi na leo haipo imetobokea mahali, na kuongeza nyingine bila kutafuta tundu ni kujaza maji kwenye pakacha.

Kwangu mimi wala haikuwa imepungua. Aliyegundua ni mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe kule Pasua. Nilimpa shikamoo, nikaanza hadithi ndefu, akanikatiza: "Washa AC, acha injini iungurume, kisha shuka uje usikilize." Nikashuka. Klachi ya kompresa ililia tak, vizuri kabisa. "Feni je?" Nikachungulia mbele. Feni imelala fofofo. Katika magari mengi ya aina hii, ukibonyeza AC feni inatakiwa ianze kuzunguka hata kama injini haijapata moto. Mzee hakugusa hata geji ya kupima presha. Alichukua ndoo ya maji akaimwaga taratibu juu ya kondensa, akaniambia niingie ndani niweke mkono kwenye tundu. Haikupita dakika, upepo ukawa baridi.

Jaribio hilo la ndoo ni bure, na mpaka leo sijaona lingine linalolifikia. Ukimwagia kondensa maji na ubaridi ukaja, basi gesi ipo na kompresa inafanya kazi. Kinachokosekana ni upepo wa kuondoa joto. Ama feni imekufa, ama fyuzi au rilei yake, ama kondensa imeziba matope na wadudu. (Mwaga maji kwenye kondensa tu, usijaze maji kwenye nyaya, na vidole kaa navyo mbali na feni kwa sababu inaweza kuamka bila kukuaga.) Gari likitembea upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ndiyo maana bibi alipata baridi Boma Ng'ombe na akaungua YMCA.

Feni ya mtumba iliponunuliwa na kufungwa, ikabidi gesi yote niliyozidishiwa itolewe na kuwekwa upya kwa kupimwa kwenye mzani. Gesi ikizidi, presha upande wa juu inapanda mno na swichi ya usalama inaizima kompresa. Huko ndiko kulikotoka ile tabia ya kupoza na kukata. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa gramu. Fundi anayejaza kwa kukisia kwa kiganja mpe salamu uondoke.

Kabla hujafika kwa fundi yeyote, jiulize vitu vichache. Upepo wenyewe una nguvu? Kama ni hafifu lakini baridi, angalia chujio la hewa ya ndani nyuma ya droo ya dashibodi. Kwa vumbi letu huwa limegeuka blanketi. Klachi hailii kabisa? Anza na fyuzi na rilei, kisha ujue kwamba gesi ikipungua sana swichi ya presha ndogo huikataza kompresa kuwaka, ili isijisage bila mafuta. Baadhi ya magari mapya hayana klachi ya kulia, hapo sikio halitakusaidia. Jirani yangu alikaribia kununua kompresa kumbe waya wa kitufe cha joto na baridi ulikuwa umechomoka, kile kibao cha ndani kimebaki upande wa hita. Aliuchomeka mwenyewe.

Kuvuja kwa kweli kulinipata miezi minane baadaye, baada ya msimu mzima wa kupeleka watu kwenye barabara za vumbi upande wa TPC. Baridi ilififia polepole kwa wiki tatu, gari likitembea au likisimama, hakuna tofauti. Safari hii nilijua cha kutafuta: gesi husafiri na mafuta ya kompresa, kwa hiyo inapotokea huacha ulowevu, na vumbi hunata hapo likawa doa jeusi. Niliangalia viungio vya mabomba, pembe za chini za kondensa, mbele ya kompresa penye klachi. Pakavu kote. Nilisahau kwamba Noah yangu ina AC ya nyuma, na mabomba yake ya alumini yanapita chini ya sakafu, yakipigwa mawe kila siku. Doa lilikuwa huko, karibu na tairi la nyuma. Povu la sabuni likathibitisha. Tundu likiwa dogo sana sabuni haioni. Hapo hutiwa rangi maalumu kwenye mfumo na kumulikwa kwa taa ya bluu, au mfumo hujazwa naitrojeni na kusikilizwa.

Bomba likazibwa, oringi za viungio tulivyofungua zikabadilishwa, na kikaushio pia, maana mfumo ukishaingiwa hewa unaingiwa na unyevu. Halafu vakyumu, yaani kufyonza hewa yote kwa pampu, kwa nusu saa nzima, pampu ikazimwa, tukasubiri robo saa mshale wa geji usirudi. Hapa nina kisa kidogo. Niliifanyia kazi hii Arusha, na kijana wa pale akataka kuhangaika na pampu yake kwa sababu mshale uligoma kufika inchi 30 (za zebaki) chini ya sifuri. Hautafika. Geji hiyo imepigwa namba za pwani. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na vakyumu nzuri kabisa itasimama karibu na 25. Moshi itafika kama 27. Cha kuangalia ni kama mshale unatulia.

Kuhusu gesi yenyewe, magari mengi yetu ya mtumba kutoka Japani yanatumia R134a, ila mapya zaidi yana R1234yf, na hazichanganywi. Anayekushauri gesi ya jikoni kwa sababu ni rahisi, mkumbushe kwamba gesi hiyo inawaka moto, na eveporeta iko mbele ya magoti yako. Na wenye Prius na Aqua, naomba mnisikilize: kompresa zenu ni za umeme mkubwa na zinataka mafuta ND-11, si ND-8 ya Toyota za kawaida. Mafuta yasiyo yake yanaua kinga ya umeme ndani ya kompresa, na bei ya ile kompresa sitaki hata kuitaja.

Siku hizi natembea na kipimajoto cha jikoni. Nakichomeka kwenye tundu la katikati, AC ikiwa imezungusha hewa ya ndani kwa dakika kumi, na kikisoma kati ya nyuzi 5 na 10 za Selsiasi naridhika. Juni na Julai, Arusha ikiwa ya masweta, bado naiwasha dakika kumi kila wiki ili mafuta yazunguke na mihuri isikauke.

Na kama unanunua gari Arusha mwezi wa Julai, usidanganyike na ubaridi wa kwenye matundu, hata dirisha wazi lingekupa huo. Mwombe muuzaji mteremke nalo mpaka Boma Ng'ombe saa nane mchana, mpaki juani bila kuzima injini, AC ikiwa imewashwa, mnunue maji ya kunywa na mkae ndani kwa robo saa.