Hedifoni za Bei Mbaya: Niambie Unachokichukia

Toleo lililopita niliwaomba wenye hedifoni za bei mbaya waniandikie, ila kwa sharti moja tu, mtu asisifie. Kusifia mmeshasifia mpaka basi. Nilitaka mniambie mnachokichukia kwenye kitu mlichokinunua kwa hela ya kujinyima, manake maoni ya mwenye mali mimi siyaamini mpaka nisikie kasoro walau moja. Mtu akishatoa pesa nyingi anaitetea pesa yake, hata mimi nafanya hivohivo. Barua zimekuja, malalamiko yote nimeyaondolea majina ya kampuni, nikitaja jina mahali ujue natolea mfano kitu kinachojulikana na wote.

SWALI: Fundi salama? Nina hedifoni ya mgongo wazi, yani kombe halijazibwa nyuma na sauti inatoka nje, ndo ya juu kabisa kwa hao walioitengeneza, nimejibana mwaka mzima kuipata. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeoa jana, kila chombo nakisikia kilipokaa. Sasa hivi mwimbaji akitamka "s" nahisi sindano inaingia sikioni. Rafiki yangu anayo hiyohiyo na anasema mbovu ni mimi. Nani mbovu?

JIBU: Hamna mbovu hapo ndugu yangu. Hedifoni nyingi za daraja hilo zimeinuliwa sauti za juu, na zikiinuliwa unasikia vitu vingi vidogovidogo, mate ya mwimbaji, vidole vikiteleza kwenye nyuzi, na dukani dakika kumi za hivyo vitu zinakuuzia kabisa. Mfano maarufu ni Sennheiser HD 800 ya mwaka 2009. Ule upana wake wa sauti haujapata wapinzani wengi mpaka leo, ile spika ya milimita 56 imekaa kwa pembe mbele ya sikio, lakini ina mnara, yani sauti inaruka juu ghafla, pale kwenye hezi 6,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde) na wenye nazo waliusema sana, wengine wakawa wanabandika vipande vya kitambaa kizito ndani ya kombe kuuzima. Ilipokuja HD 800 S mwaka 2016 walioitengeneza wenyewe waliweka kifyonzeo ndani cha kuutuliza huo mnara. Kwahiyo waliolalamika miaka yote ile hawakuwa wanaota.

Sasa kwanini rafiki yako hasikii? Tundu la sikio la kila mtu lina urefu na umbo lake, kwahiyo sehemu inayovuma kwako kwake inaweza kuwa imesogea. Halafu muulize umri, na muulize volyumu anaweka ngapi na anasikiliza nini. Mtu wa miaka hamsini na ushee anayesikiliza nyimbo za zamani zilizorekodiwa taratibu, na wewe unayesikiliza nyimbo za sasa zilizokandamizwa mpaka mwisho, mna hedifoni moja kwenye karatasi tu.

Kabla hujaiuza fungua ikwalaiza kwenye simu au kompyuta, tafuta kati ya hezi 5,000 na 8,000 ni wapi panakuchoma, punguza desibeli 3 au 4 hapohapo tu usipunguze sauti za juu zote, kaa nayo wiki. Kuna watu wanaona ikwalaiza ni dhambi. Wewe waache na dini yao.

SWALI: Mkuu, kila mtu alinishauri amplifaya ya taa, ile yenye balbu za kioo kama redio za zamani, kwa ajili ya hedifoni yangu ya omu 300, nikanunua. Kweli besi imenona. Shemeji yangu kaja na hedifoni yake ya plana, kachomeka humohumo, anasema hasikii tofauti yoyote na kwamba nimeuziwa balbu. Nimejidanganya?

JIBU: Hujajidanganya, na shemeji yako pia hajakosea, hapa ndo napapenda kwasababu watu wanagombana miaka na miaka kumbe wote wanasema kweli.

Hiyo omu 300 iliyoandikwa kwenye boksi, yani ukinzani wa hedifoni kwa umeme, ni namba ya kukadiria tu. Hedifoni za koili, zile za kawaida ambazo spika inasukumwa na koili ya waya, kama HD 600 au HD 650 za Sennheiser, ukinzani wake unapanda kwenye besi, maeneo ya hezi 80 mpaka 100, unaweza kufika omu 500 hivi. Amplifaya nyingi za taa zisizo na transfoma ya kutolea nazo zina ukinzani mkubwa pale zinapotolea sauti. Tuseme wa kwako ni omu 100. Volti inagawanywa kati ya amplifaya na hedifoni, kwenye sauti ya kati hedifoni inapata 300 juu ya 400, yani robo tatu, kwenye besi inapata 500 juu ya 600. Ukipiga hesabu besi imepanda karibu desibeli 1 nzima, na ni kwenye eneo pana, sikio linaisikia kabisa. Ndo huo unono wako.

Plana ni kitu kingine. Mle ndani ni utando bapa wenye njia za umeme zilizotandazwa juu yake na sumaku huku na huku, ukinzani wake unakaa palepale toka besi mpaka juu, kwahiyo ile amplifaya haina cha kunyanyua. Sana sana inampunguzia sauti pande zote kwa usawa. Kwahiyo ukisoma mtu anasema amplifaya fulani ina joto, ina utamu, swali la kwanza ni alichomeka nini.

SWALI: Nataka plana moja inasifiwa dunia nzima, imeandikwa omu 60 tu. Si ntaendesha na simu? Hedifoni za omu 300 ndo ngumu si ndio?

JIBU: Hapana bana, na wengi wanaumia hapa. Omu peke yake haikwambii kitu, angalia na usikivu wake, yani ukiipa miliwati 1 inatoa desibeli ngapi. HiFiMan Susvara ni omu 60, usikivu desibeli 83. Focal Utopia ni omu 80, yani juu kidogo, lakini usikivu wake 104. Tofauti ni desibeli 21, na kila desibeli 10 ni umeme mara kumi, kwahiyo Susvara inataka umeme zaidi ya mara mia moja na ishirini kupiga sauti ileile. Ukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 110, Utopia inamaliza na miliwati 4, Susvara inataka kama 500, nusu wati, na hiyo ni volti 5 na nusu. Simu nyingi zinatoa volti 1 au chini ya hapo.

Simu itaiendesha kwa maana ya kwamba utasikia kitu. Halafu utaandika kwamba plana hazina nguvu na mtu mwingine atakusoma atakuamini.

SWALI: Aliyeniuzia kaniambia niiache iimbe yenyewe masaa 200 ndo ifunguke. Kwa sasa sauti kama ya ndani ya debe. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri dada yangu, angalia kwanza muda wa kurudisha mzigo unaisha lini. Masaa 200 ukisikiliza masaa mawili kwa siku ni zaidi ya miezi mitatu, sisemi mengi.

Kinachobadilika kwa kweli ni viwili. Cha kwanza ni ubongo wako, unazoea, na ukizoea ile sauti ya debe ndo inakuwa ya kawaida na hedifoni yako ya zamani ndo inasikika ya ajabu. Cha pili ni pedi. Pedi mpya ni ngumu, haijakaa na taya lako, besi inavuja pembeni, ikishalainika inaziba vizuri na sikio linasogea karibu na spika. Hiyo si imani, hata ukivaa miwani mikono yake inainua pedi kidogo na besi ya chini inapungua, jaribu uvue miwani leoleo usikie. Spika yenyewe kubadilika? Kidogo mno, na sauti ya debe haiondoki kwa kidogo mno. Kama wiki mbili zimepita na bado huipendi, rudisha.

SWALI: Kaka, mume wangu kanunua hizi zinaitwa elektrostatiki, kwenye karatasi nimesoma volti 580. Anavaa kichwani! Analala nazo kwenye kochi! Mimi nina watoto.

JIBU: Shemeji, pole, vuta pumzi. Volti 580 ni za kweli, ndo kiwango cha Stax na wengi wanaowafuata, na Stax wanazitengeneza toka mwaka 1960 walipotoa SR-1. Mle ndani kuna utando mwembamba ajabu, unene wake unapimwa kwa vijisehemu vya elfu vya milimita, unachajiwa na hizo volti halafu unavutwa na kusukumwa na vyuma viwili vyenye matundu. Chaji hiyo inapitishwa kwenye kizuizi kikubwa sana kwahiyo mkondo unaopita ni kiduchu. Kinachoniogopesha mimi ni waya uliochubuka, kombe lililopasuka, na mtu mwenye nywele mbichi ametoka kuoga. Hayo mkatalie kabisa. Na hicho kisanduku cha kuziendesha asikifungue mwenyewe hata kama anajifanya fundi.

Halafu muulize kwa upole kama besi inampiga kifuani. Atanyamaza. Wenye elektrostatiki wanasifia wepesi, wanasema sauti inatokea hewani tu haina kifaa, na ni kweli nimezisikia mimi, ila ngoma inakuwa na umbo haina uzito, na vumbi likiingia kwenye utando zinaanza kulia miluzi midogo. Hayo hawayaandiki mpaka uwabane.

SWALI: Waya wa fedha unabadilisha sauti?

JIBU: Unabadilisha mkoba. Nunua waya kwasababu ulionao ni mfupi, unakwaruza shati au umekatika. Wanaosema waya wa balansi, ule ambao kushoto na kulia kila upande una njia zake, umewapa nguvu, nguvu imetoka kwenye amplifaya, upande wa balansi mara nyingi una saketi mbili zinazosukumana na volti inakuwa mara mbili.

SWALI: Nimelinganisha ya rafiki yangu na ya kwangu, ya kwake ni bora mara kumi, ni kama pazia limeondolewa. Niuze yangu?

JIBU: Mlisawazisha volyumu? Najua hamkusawazisha. Ile inayopiga kwa sauti kubwa kidogo, hata desibeli 1 tu, sikio halisemi "hii ni kubwa", linasema hii ina uwazi, ina uhai, pazia limeondoka. Hedifoni mbili zenye usikivu tofauti ukizichomeka sehemu moja bila kugusa kitasa tayari umeshaipendelea moja. Tafuta kimaikrofoni kidogo, hata cha simu kitasaidia ukikishika palepale kwenye pedi, piga mlio wa hezi 500, weka sawa, ndo msikilize tena. Na kaa na kila moja jioni nzima. Uzito hauonekani kwenye dakika tano, kuna plana zinapita nusu kilo kwasababu ya zile sumaku, na barua nyingi nilizopata mwezi huu hazikusema habari ya sauti kabisa, zimesema shingo. Mmoja kaandika mstari mmoja tu: "Inaimba kama malaika, naivaa dakika arobaini." Huyo ningemnunulia soda, ndo rivyu bora niliyosoma mwaka huu.

SWALI: Fundi mimi kila nikivua masikio yanalia nziiii. Lakini mbona sijafungulia sana? Hedifoni ni nzuri sana haikwaruzi kabisa.

JIBU: Ndo tatizo lenyewe hilo. Spika ya bei rahisi ukiifungulia inaanza kupasuka na wewe unarudisha kitasa, umeonywa. Hizi safi haziguni, unapandisha tu mpaka unafika desibeli 90 na ushee na unaona bado pametulia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu: 83 masaa 20, 86 masaa 10, 89 masaa 5, ukifika 92 ni masaa mawili na nusu kwa wiki nzima. Kwa mgongo wazi tena nyumba ikiwa na kelele unafungulia kushinda feni na televisheni. Pumzisha kabisa siku kadhaa, na mlio usipoondoka nenda kwa daktari wa masikio, usiniandikie mimi.

SWALI: Unatuuliza kasoro zetu. Wewe je? Unatumia ipi na unachukia nini?

JIBU: Haki yenu. Jina sisemi nisionekane napigia mtu debe wala namchafua. Ni ya koili, mgongo wazi, omu 300, ya zamani, si ya bei mbaya kama zenu tena. Miezi ya kwanza ilinibana kichwa kama koleo, nikawa nailaza usiku ikiwa imevalishwa rundo la vitabu ili ilegee. Besi ya chini kabisa haina, ikishuka chini ya hezi 50 unaikumbuka tu nyimbo ilivyokuwa. Sauti ya mtu inaipatia kuliko zote nilizowahi kuvaa, zikiwemo zenye bei ya mara tano yake, na hapo unaona na mimi nimeshaanza kutetea pesa yangu. Pedi zake zimekufa, zimelala kabisa, sikio linagusa kitambaa cha ndani na sauti imekuwa nzito ya ajabu. Mpya zipo njiani. Kwahiyo wiki hii msiniulize inasikikaje.