Maswali ya Wasomaji: Msomi wa Kilatini hufanya kazi gani?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu, na nimemaliza kidato cha nne. Tangu utotoni hukaa barazani na babu yangu tukisoma nakala zake mbili za Utendi wa Mwana Kupona, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kila zinapotofautiana yeye huniuliza ipi iliyo sahihi na kwa nini. Mwalimu wangu wa historia aliniambia kwamba ng'ambo wako watu wanaolipwa kufanya kazi hiyohiyo kwa mashairi ya Warumi, na tangu siku ile moyo wangu haujatulia. Nyumbani wanataka nisomee uuguzi. Naomba unieleze kazi ya msomi wa fasihi ya Kilatini ni ipi hasa, njia yake ina urefu gani, na kama aliyepata alama dhaifu katika somo moja ameshafungiwa mlango.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. A. E. Housman, Mwingereza aliyekuja kuwa msomi mkubwa wa Kilatini, aliingia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1877, akafaulu vizuri sana mtihani wa katikati ya masomo, kisha mwaka 1881 akaanguka mtihani wa mwisho. Kuanzia 1882 akawa karani katika ofisi ya serikali ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, mjini London, na huko alikaa miaka kumi. Jioni, baada ya kutoka kazini, alikuwa akienda kusoma katika maktaba ya British Museum, na humo zikazaliwa makala zake za kusahihisha matini za washairi wa Kirumi Propertius, Horace na Ovid, ambazo majarida ya wasomi yalizichapisha moja baada ya nyingine. Ilipotokea nafasi ya profesa wa Kilatini katika University College London mwaka 1892, Housman aliiomba, na katika barua yake ya maombi akaeleza waziwazi kwamba alishindwa mtihani ule. Akapewa nafasi hiyo. Mwaka 1911 alihamia Cambridge, akawa profesa huko mpaka alipofariki mwaka 1936.

Sikusimulii hayo ili uidharau mitihani. Hapa kwetu wastani wa C+ ndio unaokuingiza chuo kikuu, na siku hizi ni vigumu mno kuajiriwa na idara ya Kilatini bila shahada ya uzamivu. Nakusimulia ili uone kwamba katika taaluma hii kilichomwinua mtu ni kile alichoandika na wenzake wakakikagua.

Kuhusu kazi yenyewe, babu yako ameshakufundisha nusu yake. Wewe unajua kwamba katika hati zetu za zamani herufi moja ya ba ilibeba sauti za b, p na mb, hata neno lililoandikwa kwa ba mbili likaweza kusomwa baba, papa, pamba au bamba, na msomaji akalazimika kuamua kwa maana ya ubeti, kwa mizani na kwa vina. Waandishi wa Ulaya ya zama za kati walikuwa na taabu inayofanana na hiyo. Katika mwandiko wao wa vijiti vya wima, herufi m ilikuwa vijiti vitatu, n na u viwili viwili, na i kijiti kimoja kisicho na nukta. Lichukue neno minimum, yaani kidogo kabisa: ni vijiti kumi na vitano vilivyosimama sambamba kama boriti za dari. Nilipoonyeshwa mwandiko wa namna hiyo mara ya kwanza nilivihesabu kwa kidole, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mnakili aliyechoka huandika neno jingine kabisa, naye anayemfuata akalinakili kosa lile kwa uaminifu.

Mashairi ya Catullus, Mrumi mwingine, yametufikia kwa njia nyembamba ya namna hiyo. Karibu na mwaka 1300 ilijitokeza nakala moja mjini Verona, nayo ikapotea baadaye, na karibu kila kitu tulicho nacho cha mshairi huyo kinatokana nayo. Miongoni mwa nakala zilizo karibu nayo zaidi, moja ilikuwa imelala katika maktaba ya Vatikani bila kutambuliwa, kwa sababu iliorodheshwa vibaya, mpaka William Gardner Hale, profesa kutoka Marekani, alipoigundua mwaka 1896. Msomi hukusanya nakala kama hizo, hulinganisha neno kwa neno, huchora nasaba yake ili ajue ipi ni mama na ipi ni binti, kisha huchapisha matini aliyoiamini na chini ya ukurasa huonyesha tofauti za nakala nyingine, ili anayempinga awe na ushahidi mkononi. Housman alimpa Manilius, mshairi wa nyota ambaye hata wanafunzi wa Kilatini humsoma kwa nadra, majuzuu matano kati ya 1903 na 1930, tena kwa gharama yake mwenyewe. Wapo wanaosema alipoteza umri wake. Mimi sikubali, kwa sababu beti zilizokuwa hazisomeki leo zinasomeka.

Wengine huingia katika kazi ya pamoja. Mjini Munich, Ujerumani, linaandikwa kamusi kubwa la Kilatini lililoanza kutayarishwa mwaka 1894, sehemu yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1900, na hadi leo halijakamilika. Limejengwa juu ya kadi zipatazo milioni kumi, na wasomi vijana kutoka nchi mbalimbali hupelekwa huko kwa ufadhili kuandika maelezo ya maneno machache tu katika muda wao wote.

Njia ni ndefu, sitakuficha. Baada ya shahada ya kwanza na uzamili huja uzamivu, ambao Uingereza huchukua miaka mitatu au minne na Marekani mara nyingi hupita mitano, na baada yake mikataba mifupi ya mwaka mmoja au miwili, leo mji huu, kesho mji ule, kabla ya kupata uhadhiri wa kudumu. Nafasi ni chache, na wengi wenye vipawa hukwama hapo. Kwa hiyo wasikilize wazee wako wanapotaja riziki, wala usiwaone kama maadui. Ningekuwa mimi, ningesomea Kiswahili na Kiarabu kwanza, nikajifunza Kilatini pembeni, kwani mhariri wa matini za Kiswahili cha hati za Kiarabu anahitajika hapa hapa Lamu, na ujuzi ni uleule. Tena Warumi si wageni kwetu: Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali, na Herekali ni Heraclius, aliyetawala Dola ya Roma ya mashariki tangu 610 hadi 641. Hata dinari ni denarius, sarafu ya Warumi, iliyopitia kwa Wagiriki na Waarabu.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nawatembeza watalii hapa Malindi na Kiitaliano nimekijua kazini. Je, kitanisaidia katika Kilatini, na ni lazima niende Ulaya?

JIBU: Marahaba. Kitakusaidia katika msamiati, lakini katika sarufi Kiswahili chako kitakufaa zaidi. Tazama laudabantur, yaani walikuwa wakisifiwa: -nt ni wa- yetu, -ba- ni wakati uliopita wa kuendelea, na -ur ni kutendwa, yote ndani ya neno moja, ila Kilatini huvipanga vyote mwishoni, ilhali sisi tunaanza na mtenda na wakati, na alama ya kutendwa tu ndiyo tunayoiacha mwishoni. Mwitaliano husema erano lodati, maneno mawili. Kitakachokusumbua ni nomino, kwa kuwa puella puerum videt na puerum puella videt zote maana yake ni msichana anamwona mvulana. Anayeona hujulikana kwa mwisho wa neno, si kwa mahali lilipokaa, na Kiitaliano kimeshaupoteza utaratibu huo.

Kiitaliano chako kitalipa baadaye, maana msomi wa Kilatini hutakiwa kusoma vitabu vya Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, nawe umeshavuka kimoja, ukikipandisha kutoka mazungumzo ya ufukweni hadi kusoma kitabu kizima.

Ulaya si lazima kwa kuanzia. Ibadan nchini Nijeria na Chuo Kikuu cha Ghana, vyote vilivyoanzishwa mwaka 1948, vina mafunzo ya fasihi za kale za Ugiriki na Roma, na Malawi pia wamekuwa nayo: Kamuzu Academy, shule ya sekondari iliyofunguliwa mwaka 1981, ilifundisha Kilatini na Kigiriki. Ziandikie idara zenyewe, uulize masharti ya kuingia kwa asiyewahi kusoma Kilatini shuleni.