Upinde wa mbao: angalia mistari kwanza, jina ya muti nyuma

Tangu niliandika kama mutu anaweza kutengeneza upinde na planshi ya ku depo ya mbao bila kwenda pori kukata muti, maswali yanaingia tu. Nachukua haya kwanza.

Fundi, ku video Wamarekani banatumia mwaloni mwekundu. Hapa Bukavu naupata wapi? (Kijana wa Panzi)

Hauupati, na usiutafute, mudogo wangu. Bale banautumia juu unapatikana ku kila duka yao na bei haiumi, ata kwao hikori, muti ingine ya kule, inaushinda. Kwetu ku depo utakuta libuyu, muvula, ekaliptusi, grevilea. Libuyu na muvula ni miti ya heshima lakini nyuzi zake zinapishana, safu moja inalala huku ingine inalala kule, njo inaleta ile kung'aa ya milia milia ku meza ya salon. Kwa upinde ni balaa. Pima na raboti: ukisukuma, sehemu moja inalainika vizuri, kidogo mbele inang'oka manyoya, unageuza raboti inakuwa kinyume. Planshi ya vile iache. (Na vumbi ya muvula inawasha ngozi na kifua, funga pua.) Mimi nachagua ekaliptusi nzito ya mistari (njia ya nyuzi za muti) iliyonyooka, ijapokuwa ni muti wa kichwa ngumu, inajisokota na kupasuka ikikaushwa mbio.

Basi ku depo naangalia nini hasa? (Menizie wa Kadutu)

Lalisha planshi, kamata bic, chagua mustari mumoja ku uso na uufuate toka mwisho mpaka mwisho. Ukitoka ku ubavu mbele ya kufika, pale mustari unatokea njo upinde utavunjikia, rudisha planshi. Ukifika muzuri, geuza ku ubavu ufuate tena, juu batu wengi banaangalia uso peke yake kisha banashangaa. Fundo hapana, ata kadogo. Muuzaji atanuna ukigeuza planshi zake zote, wewe endelea, unalipa na feza yako.

Ukikosa ya kunyooka, uliza planshi ya upana, kisha kata na musumeno ukifuata mistari ya muti, usifuate ukingo wa planshi. Fundi aliyepasua gogo hakuwaza upinde yako. Kwa mutu wa kimo cha kawaida, urefu 1m80, upana 4 mpaka 5 cm, unene kama 2 cm. Na karibu kila planshi unayonunua hapa ingali mbichi kwa ndani: iweke juu ya plafon chini ya manjanja, uipime ku kilo kila wiki, siku uzito unaacha kushuka unaweza kuanza.

Nikibandika kitambaa ku mugongo, planshi mbaya inakuwa muzuri? (Mwanafunzi, Ibanda)

Hapana. Upinde ukivutwa, mugongo, ile upande inaangalia shabaha, unanyooshwa, tumbo inayokuangalia wewe inabanwa. Kitambaa kinakamata nyuzi za juu zisianze kuinuka, kazi yake ni ile. Kama mistari inakatiza mukono mzima wa upinde (toka mushiko mpaka ncha), itavunjika na kitambaa juu yake, tofauti vipande havitakuruka usoni. Ukibandika, chukua kitani ao nyuzi za gunia ya juti. Nailoni inanyooka kama lastiki, haisaidie kitu.

Kwetu tunachinja mbuzi, ngozi yake inafaa? (Mama wa Bagira)

Inafaa sana mama, lakini ibaki mbichi, ile ya kutengenezea viatu hapana. Toa manyoya, kwangua mafuta na nyama yote, kata mikanda miwili inayokutana ku mushiko. Iloweshe ilegee, kamua maji, paka kole ya mbao ku muti na ku ngozi, lalisha, sukuma hewa itoke, halafu funga yote na mikanda ya shambreri ya velo, hakuna sereju (chuma ya kubania mbao) inayobana sawasawa vile. Kesho yake fungua ili ipumue. Kisha usiguse upinde siku kadhaa, juu yale maji ya ngozi yameingia ku muti, na ukiuvuta ungali na maji utabaki umepinda.

Shemeji iko karibu na Tshivanga, akate bambu ya mugongo kule? (Msomaji wa Kavumu)

Asikate! Ile ni parke ya Kahuzi-Biega tangu 1970, na chipukizi za bambu ni chakula ya ngila. Nunua ya kupandwa, ile banauzisha kwa kujenga. Tafuta nene, pasua, kausha, piga raboti ku upande wa ndani mpaka kingo zibaki kama 3 mm, ngozi ya inje usiikwangue. Ila bambu iko na nguvu, ukiibandika ku muti dhaifu kama grevilea inaponda tumbo, utaona vimistari kama makunyanzi vinakatiza.

Upinde yangu ni mugumu sana, nipunguze wapi? (Nguba)

Ku tumbo, polepole. Ukitoa sehemu moja ya kumi ya unene, zaidi ya robo ya nguvu imeenda. Ukiitoa ku upana, inaenda moja ya kumi tu.

Ukivutwa unalia tik tik. Ni kawaida? (Kijana mwingine wa Panzi)

Simama palepale, toa kamba. Kokota kipande cha pamba polepole ku mugongo wote, mahali inakwama njo uzi umeinuka. Kama ni kapande kadogo, tia supaglu, bana, kisha zungusha uzi wa kushonea viatu juu yake na kole. Kama ufa unakatiza mukono, kata vipande upikie maharagi.