Ringi za Prado kwenye ekseli ya inchi 13?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Arusha, natengeneza trela dogo la kambi la kuvutwa na Prado yangu (ile 120), niwe naenda nalo Natron na Serengeti na familia. Nimepata ekseli ya mtumba iliyokatwa kwenye trela la zamani: studi nne, ringi za inchi 13, matairi 155. Stoo nina ringi tatu za Prado za inchi 17 na matairi yake 265/65. Fundi wa hapa mtaani anasema ataniwekea adapta za kutoka studi nne kwenda sita, kazi ya siku moja. Likijaa hema, maji na vyombo, trela sidhani kama litazidi kilo 900. Niweke adapta? Na nikinunua ringi nyingine, niangalie nini?

JIBU: Marahaba. Adapta achana nazo. Ila ringi zako za Prado usiziuze, maana hapo umewaza vizuri. Kosa ni kwamba umeanza na ekseli, halafu unatafuta ringi ya kuikubali. Trela la porini huanza na tairi la gari linalolivuta. Ukishajua tairi, unajua habu, yaani kitovu kinachofungiwa ringi. Ukishajua habu, ndipo unakata ekseli.

Adapta ni sahani nene ya chuma inayofungwa kwenye habu kwa zile nati nne, kisha ringi inafungwa juu yake kwa nati nyingine sita. Unene wake, mara nyingi milimita 25 na kuendelea, wote unalisukuma tairi nje, mbali na beringi. Beringi ndogo ya ekseli ya inchi 13 haikutengenezwa kubeba mzigo unaoning'inia huko nje. Tena zile nati nne za ndani ndizo bado zinabeba kila kitu, na huwezi kuzikagua bila kuvua tairi. Barabara ya rasta kama ile ya kuelekea Naabi, lango la Serengeti, inalegeza nati unazoziona, sembuse zilizofichwa.

Na kuna kimo. Tairi la 155R13 lina kipenyo cha milimita 578 hivi. La 265/65R17 unalipata hivi: asilimia 65 ya 265 ni 172, mara mbili 344, jumlisha ringi ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, unapata kama 776. Nusu ya tofauti ni karibu sentimita 10, na trela lote litapanda kwa kiasi hicho. Mkono wa trela utaelekeza pua chini kwenye gari na mzigo utakaa juu zaidi kwenye kona. Kama ekseli ina breki za ngoma, zitapoteza kama robo ya nguvu zake, kwa sababu ngoma ni ileile na tairi limekua.

Ningekuwa wewe, ningetafuta stabu (vipande vya mwisho vya ekseli vinavyoshika habu) na habu mpya za studi sita, za kubeba tani moja, ziuzwe pamoja na beringi na sili zake, kisha nikate bimu, chuma cha katikati cha ekseli, ya urefu ninaoutaka. Faida yake utaiona siku ya pancha. Niliwahi kumkuta mtalii na dereva wake njiani kati ya Engaruka na Natron, kwenye yale mawe meusi ya volkano yanayokata kama wembe. Gari lilikuwa na spea mbili nzima kabisa. Trela lilikuwa limelala na ringi ya studi tano, spea za gari hazikuingia. Wewe ukivunja tairi moja la trela, unachukua la Prado na safari inaendelea; ringi yako ya tatu inabaki spea ya wote wawili.

Sasa vipimo. Prado 120 ni studi sita kwa 139.7. Hiyo 139.7 ni kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya studi zote. Kwa studi sita au nne kupima ni rahisi: katikati ya studi moja hadi katikati ya inayotazamana nayo. Studi tano ndizo zinazowadanganya watu, kwa sababu hakuna inayotazamana na mwenzake. Hapo pima katikati ya studi mbili zinazofuatana, zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 67.2, hiyo ni 114.3, ya Noah na RAV4. Ukipata 65.8, hiyo ni 112, ya magari mengi ya Kijerumani. Umeona tofauti? Milimita moja na nusu hivi. Futi ya fundi cherehani haiwezi kuiona, tumia venia, kile kipimo cha taya cha mafundi. Nimeona ringi ya 112 ikigongwa kwa nyundo hadi ikaingia kwenye habu ya 114.3. Iliingia kweli, lakini nati hazikukaa sawa kwenye vikombe vyake, na tairi likawa linacheza.

Hapo hapo tazama mdomo wa nati. Ringi ya chuma huwa inataka nati yenye mdomo wa koni. Ringi nyingi za aloi za Toyota zimetoka kiwandani na nati yenye washa bapa. Usichanganye. Na hakikisha tundu la katikati la ringi linapita kwenye kofia ya grisi ya habu. Kwenye ringi ya Prado tundu hilo ni milimita 106, kwa hiyo nafasi unayo.

Urefu wa ekseli: pima kwenye Prado yako kutoka katikati ya uso wa tairi la nyuma kushoto hadi katikati ya la kulia. Tuseme umepata 1,575. Nyuma ya ringi tafuta herufi ET na namba. Tuseme ni ET30. Maana yake uso unaogusana na habu uko milimita 30 nje ya mstari wa katikati ya ringi. Kwa hiyo kutoka uso wa habu moja hadi uso wa nyingine unahitaji 1,575 jumlisha 30 mara mbili, yaani 1,635. Matairi ya trela yatapita kwenye nyayo zilezile za gari. Kwenye majivu na mchanga wa Natron utashukuru, kwa sababu gari limeshakushindilia njia.

Madigadi usiyachomelee mpaka uone ekseli ikiwa juu kabisa, springi zimekandamizwa. Kutoka hapo acha angalau sentimita tano, zaidi kama unapenda kusafiri masika.

Uwezo wa tairi usikutie hofu. Katika kilo 900, kama sehemu ya kumi inakaa kwenye mkono, kila tairi linabeba kilo 405. Ubavuni utaona namba ya uwezo wa mzigo kama 112, yaani kilo 1,120. Tatizo lako litakuwa kinyume: ukijaza upepo kama wa Prado, trela tupu litarukaruka kama mbuzi na kuvunja vyombo. Anza na psi 25 asubuhi tairi likiwa baridi. Baada ya saa moja ya lami pima tena. Likipanda zaidi ya psi 4, uliweka kidogo mno, ongeza.

Angalia pia umri wa hayo matairi ya stoo. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela linazeeka limesimama. Mteja wangu aliegesha trela lake chini ya mwembe. Tairi la upande wa kivuli lilikuwa zima, la upande wa jua lilikuwa na nyufa za kuingiza ukucha, na kashata (meno) za matairi yote mawili zilikuwa kama mpya.

Kama fedha hairuhusu na safari zako nyingi ni za lami, Moshi, Lushoto, Tanga, ekseli yako si ya kutupa, mradi beringi na stabu zikaguliwe zinafaa kilo hizo. Pima studi, zikiwa nne kwa 100, ringi ya Probox inakaa, na matairi yake ya mzigo yapo kila mji. Chagua yenye namba 88, kilo 560, au zaidi. Natron usiende nalo.

Unapokwenda kununua habu, beba ringi moja ya Prado kwenye buti na uifunge pale pale dukani, nati zote sita, kabla hujatoa pesa.